Ufunguo wa Maabara Siku ya Jumamosi

Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri ya Wilaya ya Muheza, kwa wakuu wa shule za sekondari wilayani, na kwa wakuu wa vyuo vya uuguzi na ukunga vya Mkoa wa Tanga



Matokeo ya kidato cha nne yakishatoka, kuna cheti cha aina moja ambacho hakikosekani Muheza. Kiswahili B, Baiolojia C, Jiografia C, Fizikia D, Kemia F. Mwenye cheti hicho mara nyingi ni binti. Tangu darasa la tano alikuwa akiulizwa atakuwa nani, naye akijibu bila kusita kwamba atakuwa nesi. Amemuuguza bibi yake nyumbani, amesindikiza wajawazito kliniki, anajua kumpa mtoto dawa asiiteme. Kilichomzuia ni herufi moja.

Barua hii inamhusu yeye, na kaka yake pia, maana wauguzi wa kiume nao wanahitajika. Haiombi chuo chochote kilegeze masharti. Inaomba mlango ufunguliwe mara moja kwa wiki, ili anayetaka kurudia Kemia apate mahali pa kuisomea.

Kwanza masharti yenyewe, maana wazazi wengi huyasikia nusunusu. Anayeomba stashahada ya uuguzi na ukunga hapa nchini hupimwa kwa cheti chake cha kidato cha nne. Mwongozo wa udahili wa NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya aina hii, unataka ufaulu wa masomo yasiyopungua manne, ya dini yasihesabiwe, na ndani yake yawemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Hisabati na Kiingereza ni nyongeza inayomsaidia mwombaji. Kwa hiyo mtihani wa kuingia chuo cha uuguzi, kwa kijana wa Muheza, ni ule ule wa Baraza la Mitihani (NECTA) wa mwezi Novemba. D inatosha, na D huanzia alama 30 kwa 100. Aliyepata F anaweza kurudi kama mtahiniwa wa kujitegemea, akalirudia somo alilokosa. Vijana wenyewe wanasema wanarisiti.

Wala si Tanzania peke yake. Ndugu zetu walioko Marekani wakitaka kusomea uuguzi hukutana na mitihani kama TEAS au HESI A2, na yote miwili ina maswali ya kemia. Huko mtu mzima mwenye watoto hukaa mezani usiku akijikumbusha jedwali la elementi. Tofauti ni kwamba yeye ana maktaba ya mtaa iliyo wazi jioni.

Je, kemia inamsaidia nini muuguzi? Swali hili huulizwa na wazazi, na wakati mwingine na walimu wenyewe, kana kwamba somo limewekwa hapo kama kizuizi cha barabarani. Jibu liko wodini, na kwa bahati njema wodi iliyo bora kwa jibu hilo iko hapa hapa Muheza.

Kati ya 2005 na 2010 ulifanyika utafiti mkubwa wa malaria kali kwa watoto wa Afrika, ulioitwa AQUAMAT. Ulihusisha watoto 5,425 katika nchi tisa. Hospitali Teule ya Muheza ilikuwa miongoni mwa vituo vyake. Watoto waligawanywa: wengine walipewa kwinini ya sindano, wengine artesunate ya sindano. Katika kundi la kwinini walifariki asilimia 10.9, katika kundi la artesunate, asilimia 8.5. Matokeo yakachapishwa mwaka 2010, na mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likaielekeza dunia itumie artesunate kwa watoto wenye malaria kali. Mzazi wa Muheza aliyekubali mwanawe aingie katika utafiti ule alichangia kubadilisha matibabu ya bara zima.

Sasa atazamwe muuguzi anayeiandaa dawa hiyo saa nane za usiku. Ndani ya kichupa kuna unga mweupe, miligramu 60. Unga huo ni asidi, na hauyeyuki vizuri kwenye maji matupu. Katika boksi la kawaida huja na kichupa kingine kidogo, mililita 1 ya bikaboneti ya sodiamu ya asilimia 5. Muuguzi anaichanganya, anatikisa, mapovu yanatokea, kisha mmumunyo unatakata na kuwa kama maji. Hapo anaongeza mililita 5 za maji ya dripu, na kila mililita inakuwa na miligramu 10 za dawa. Mtoto wa kilo 10 anahitaji miligramu 3 kwa kila kilo, yaani 30, yaani mililita 3 kwenye bomba la sindano. Dawa iliyokwisha kuchanganywa haiwekwi akiba. Ikipita saa moja inamwagwa.

Mapovu yale ni nini? Asidi imekutana na bikaboneti: imetoka chumvi, maji na gesi ya kaboni dayoksaidi. Hiyo ni mada ya asidi, besi na chumvi, inayofundishwa sekondari na kuulizwa mwaka baada ya mwaka. Na ukitaka swali la moli, lipo humo humo. Miligramu 60 za artesunate, ambayo uzito wa moli yake ni gramu 384, ni takriban milimoli 0.16. Mililita moja ya bikaboneti ya asilimia 5 ina miligramu 50, na kwa uzito wa moli wa gramu 84 inatoa karibu milimoli 0.6. Bikaboneti imezidi kwa karibu mara nne. Ndiyo maana unga wote unakwisha na hakibaki chochote chini ya kichupa. Mwanafunzi aliyekariri kanuni ya kitendanishi kinachokwisha kwanza bila kujua inahusu nini, akioneshwa kichupa hiki, ataielewa kabla ya chai kupoa.

Kwinini nayo ina kisa chake, na ni cha wilaya hii. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti wa viumbe na kilimo kule Amani, juu kwenye milima ya Usambara Mashariki. Walipanda miti kutoka kila pembe ya dunia, mmojawapo mkwinini wa Amerika ya Kusini. Vita Kuu ya Kwanza ilipofunga njia za meli, magome ya miti ile yakawa chanzo cha kwinini kwa jeshi lao. Kikemia, kwinini ni kinyume cha artesunate: ni besi, na ili iyeyuke kwenye maji ilibidi ikutanishwe na asidi igeuke chumvi. Kwa hiyo dawa mbili zilizowahi kushindanishwa wodini Muheza zinafundisha somo moja kutoka pande mbili. Kituo cha Amani cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu kipo wilayani hadi leo. Mlingano, upande wa Ngomeni, kuna kituo cha utafiti kilichojulikana kwa mkonge na kwa uchunguzi wa udongo. Ni wilaya chache za Tanzania zenye historia ya kemia kama hii, na mtoto anaweza kumaliza kidato cha nne humu bila kuambiwa.

Turudi wodini kidogo. Mama mjamzito akipatwa na kifafa cha mimba, dawa ni salfeti ya magnesiamu. Mara nyingi inapatikana ya asilimia 50, lakini ya kuingiza kwenye mshipa inatakiwa asilimia 20. Muuguzi anavuta mililita 8 za dawa, anaongeza mililita 12 za maji ya sindano, anapata mililita 20 zenye gramu 4. Hiyo ndiyo hesabu ya kuzimua ambayo wanafunzi wanaiandika ubaoni kwa herufi M na V, wakiilalamikia. Jik, maji ya klorini, ya asilimia 3.5 ikitakiwa iwe ya asilimia 0.5 kwa kulowekea vifaa, ni sehemu moja ya Jik kwa sehemu sita za maji; ukikosea ukaweka sehemu kumi, umeloweka vifaa kwenye dawa iliyo dhaifu kuliko inavyotakiwa. Pakiti ya ORS, dawa ya anayeharisha, ya lita moja ina gramu 2.6 za kloridi ya sodiamu, gramu 13.5 za glukosi, gramu 1.5 za kloridi ya potasiamu na gramu 2.9 za sitreti ya sodiamu. Kutafuta moli za glukosi humo ni zoezi la mistari miwili: 13.5 gawanya kwa 180, jibu 0.075. Pakiti zenyewe zimejaa kwenye zahanati na maduka ya dawa.

Mwandishi wa barua hii anaamini kwamba kemia ikianzia kwenye pakiti ya ORS haimtishi mtu.

Ila huwa haianzii hapo. Huanzia kwenye maneno. Mtoto wa Muheza amesoma shule ya msingi kwa Kiswahili miaka saba, nyumbani pengine anazungumza Kibondei na bibi yake, halafu Januari moja anaingia kidato cha kwanza na kila kitu kinageuka Kiingereza. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kiendelee kuwa lugha ya kufundishia hadi sekondari. Haikutekelezwa. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, na istilahi zimo. Mtihani utaendelea kuandikwa kwa Kiingereza Novemba hii na Novemba ijayo, hilo halibishaniwi hapa. Lakini mwalimu wa kundi la wanaorisiti hana mkaguzi wa lugha nyuma yake. Anaweza kueleza kwa Kiswahili kwa nini atomi ya sodiamu inaachia elektroni moja na ya klorini inaipokea, akahakikisha limeeleweka, ndipo akawaandikisha jibu kwa lugha ya mtihani. Anayeelewa kitu kimoja kwa lugha mbili hukisahau kwa shida.

Kuna wengine ambao hawakufeli Kemia kwa sababu hawakuifanya kabisa. Kwa utaratibu uliodumu miaka mingi, Baiolojia ilibaki lazima hadi kidato cha nne, ila Kemia na Fizikia mwanafunzi aliweza kuziacha akiingia kidato cha tatu. Msichana wa miaka kumi na sita alichagua sanaa kwa kuwa rafiki zake wamechagua sanaa, au kwa kuwa mwalimu wa Kemia hakuwepo muhula mzima. Hakuna aliyemwambia kwamba siku ile anaufunga mlango wa uuguzi, na wa ufamasia, na wa maabara ya hospitali. Miaka miwili baadaye anakuja kuuliza fomu za chuo ndipo anaambiwa. Wakuu wa shule wanaombwa jambo hili litamkwe kwa sauti kidato cha pili, mbele ya wazazi, siku ya kikao, na si kwa tangazo lililobandikwa nyuma ya mlango wa ofisi.

Anayerisiti ana adui mwingine, nao ni upweke. Amekwisha kuvua sare. Asubuhi anauza machungwa stendi, au anamsaidia shangazi mgahawani, au amekwenda Tanga mjini kulea mtoto wa ndugu. Daftari za kidato cha tatu zimeliwa na mchwa. Anajiandikisha mwanzoni mwa mwaka, analipa ada, halafu miezi inapita. Mwezi Septemba anashtuka, ananunua kijitabu cha maswali na majibu, anakariri. Novemba anakutana na swali la taitresheni. Liwe la kutenda kwa mikono au la kujibu kwa maandishi, swali hilo humtambua aliyewahi kushika bureti na asiyewahi. Aliyewahi anajua kwamba tone moja la mwisho hubadilisha rangi yote, kwamba jicho huwekwa usawa wa mmumunyo, kwamba vipimo vitatu vinavyokaribiana ndivyo vinavyotafutiwa wastani. Aliyekariri anaandika namba zilizo nzuri mno, na msahihishaji anajua.

Hapa ndipo penye ombi lenyewe.

Wakati wa Rais Jakaya Kikwete, nchi nzima iliagizwa kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu, ya Fizikia, ya Kemia na ya Baiolojia. Mwaka 2014 kampeni ilipamba moto. Wananchi walichangishwa nchi nzima, kijiji kwa kijiji. Wenye fedha walitoa fedha, wasio nazo walibeba mchanga na mawe. Huyo binti anayeuza machungwa stendi, mzazi wake ni miongoni mwa waliobeba. Siku za wiki maabara ni ya wanafunzi waliosajiliwa, na iwe hivyo. Jumamosi hakuna kipindi kwenye ratiba ya serikali. Halmashauri inaombwa iteue maabara moja mjini Muheza, ambako daladala na bodaboda za tarafa zote hufika, na ifunguliwe kwa watahiniwa wa kujitegemea kila Jumamosi kuanzia Machi hadi Oktoba.

Gharama yake si ya kutisha. Kinachoogopwa ni vifaa kuvunjika na kemikali kwisha, na hofu hiyo ni ya haki; mwalimu aliyeomba bureti mbili miaka mitatu hawezi kufurahi kuona wageni wanazishika. Basi kundi lichangie kidogo kwa ajili ya kinachovunjika, na sehemu kubwa ya mazoezi ifanyike kwa vitu vya sokoni. Maua ya choya yakichemshwa hutoa maji mekundu ambayo hubaki mekundu kwenye asidi na kugeuka kijanikijani kwenye besi. Ndimu ni asidi. Magadi ni besi, na yakikamuliwa ndimu yanatoa mapovu yale yale ya kichupa cha artesunate. Chokaa iko, na kwa anayetaka kuelewa maji magumu, Mapango ya Amboni hayako mbali: maji yenye kaboni dayoksaidi yaliyeyusha jiwe la chokaa polepole hadi yakachimba ukumbi mzima, na maji ya aina hiyo hiyo ndiyo yanayoacha ukoko mweupe ndani ya birika la nyumbani. Kwa wiki sita za mwanzo kundi halihitaji asidi ya salfa hata tone.

Wiki hizo sita ziende wapi? Maoni ya mwandishi, ambayo walimu wa somo wako huru kuyasahihisha, ni kwamba mwenye F asianze na kemia ya kaboni hata kama ndiyo iliyomshinda. Aanze na alama za elementi na valensi, aandike fomyula hadi mkono uzoee, asawazishe milinganyo, aingie kwenye moli. Moli ikikaa, taitresheni ni hesabu ya kugawanya na kuzidisha, na umeme kupita kwenye mmumunyo unaanza kueleweka. Asidi, besi na chumvi zifuate. Mada nyingine zitakuja zenyewe, baadhi kwa kasi. Na NECTA huchapisha kila mwaka uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, swali kwa swali, ukionesha mfano wa jibu zuri na mfano wa jibu baya. Ni kitabu chenye manufaa kuliko vijitabu vingi vinavyouzwa, na hakiuzwi. Nakala mbili zilizochapwa na kuachwa kwenye maabara hiyo ya Jumamosi zingesomwa hadi zichakae.

Wakuu wa vyuo vya uuguzi nao wana sehemu yao, na haiwagharimu ada. Wakufunzi wenu wanaijua kemia ambayo mwanafunzi hukwama nayo mwaka wa kwanza: asilimia za mimumunyo, kuzimua, uwiano, vipimo kutoka gramu kwenda miligramu. Waandike maswali arobaini tu, yenye kichupa, dripu na Jik ndani yake, yagawiwe kwa makundi ya wanaorisiti. Mara moja kwa mwezi aje mkufunzi mmoja, au muuguzi mstaafu, akae nao saa mbili. Binti akimwona sista aliyevaa sare akipiga hesabu ya moli ubaoni bila kubabaika, kitu kinabadilika usoni mwake. Chuo nacho kitapokea mwombaji ambaye hatakosea nukta ya desimali mbele ya mgonjwa, maana kati ya 0.5 na 5 kuna mtoto.

Lipo pingamizi linalojulikana: kwamba wanaorisiti hawaaminiki, hujiandikisha kisha wasitokee, na mwalimu atabaki na viti vitupu. Itatokea baadhi ya Jumamosi, hasa msimu wa machungwa na mvua za masika zikikatiza barabara za Amani. Kundi la watu kumi na wawili wanaokuja kweli linatosha. Wakifaulu sita, hao ni wauguzi sita ambao kila mmoja atakaa wodini miaka thelathini.

Uandikishaji wa watahiniwa wa kujitegemea hufunguliwa mwanzoni mwa mwaka, kwa hiyo uamuzi ukichelewa hadi katikati ya mwaka, mwaka huo umepotea. Halmashauri inaombwa itangaze kabla ya hapo: maabara ya shule gani, kuanzia Jumamosi gani, saa tatu asubuhi hadi saa saba mchana. Tangazo lisomwe misikitini na makanisani na kubandikwa stendi. Liandikwe na jina la mtu atakayekaa na ufunguo siku hiyo, na namba ya mtu wa pili kama wa kwanza ana msiba, na ziwekwe ndoo mbili za maji kando ya mlango kwa Jumamosi ambazo bomba halitoi.